Kutafuta Hamira Tukuyu

Siku nilipoondoka Mombasa kumfuata mume wangu, mama alinifungia vitu vya kuokea. Alitia iliki na mdalasini katika vifuko vya kitambaa, akatia hamira katika kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa kamba ya katani kama anayefunga mzigo wa meli. "Huko bara hutapata," alisema. Hakuwahi kufika Tukuyu, wala hakumjua mtu wa huko ila mume wangu, lakini kwa miaka mingi maneno yake yalikuwa kweli.

Mama alikuwa akioka mkate wa sinia na kuuza mtaani kwetu. Kwa asiyeujua, ni mkate wa mchele na tui la nazi, wenye sukari na iliki. Mchele unarowekwa, unatwangwa au unasagwa, rojo lake linaumuliwa kwa hamira, kisha linamiminwa katika sufuria pana na kuokwa kwa moto wa chini na wa juu, makaa yakipangwa juu ya mfuniko. Ukiiva vizuri unakuwa mweupe ndani na una vitundu kama sifongo. Kwetu hapakuwa na hitima wala maulidi ya mtaa yaliyopita bila mkate wa mama. Mimi niliukuta mkononi mwake nikauzoea kama maji ya bomba. Sikuwahi kuona kuwa ni jambo la kujifunza, lakini mikono ilikuwa imejifunza yenyewe.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa Tukuyu. Babu yake alitoka pwani ya kusini na biashara, akaoa Mnyakyusa, akabaki. Tulikutana kwa sababu ya kanga. Zilikuwa siku ambazo Tanzania ilikuwa imeanza kufungua biashara, na mtu mwenye fedha yake aliruhusiwa kwenda kutafuta bidhaa popote. Neno lililokuwa midomoni mwa watu lilikuwa "ruksa". Yeye alikuja Mombasa kununua kanga, akafikia kwa ami yangu, na safari yake ya tatu ikawa ya kuposa.

Nilifika Tukuyu msimu wa mvua, ingawa baadaye nilitambua kwamba Tukuyu karibu kila msimu ni wa mvua. Nguo zilikaa kwenye kamba mpaka zikanuka. Chumvi ililowa ndani ya chupa. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukaingia hadi jikoni, na mimi nilivaa sweta juu ya dera nikajiona kichekesho. Nyumba yetu ilikuwa pembeni ya mji, migomba nyuma, chai ya majirani ng'ambo ya bonde. Tuliishi na mama mkwe wangu, mwanamke mrefu, mkimya, aliyezaliwa Mkristo kijijini akasilimu alipoolewa. Alikuwa akishika dini kuliko wengi waliozaliwa nayo.

Wiki ya kwanza nilitaka kumfurahisha, nikaoka. Nilipofungua kopo la mama, hamira ilikuwa imeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Niliichota, nikaitia kwenye maji ya vuguvugu na sukari, nikangoja povu. Povu halikuja. Nikajiambia ni baridi tu, nikamimina hivyo hivyo. Mkate ulitoka bapa, mzito, unang'aa kama sabuni ya kipande.

Mama mkwe alikata, akatafuna kwa muda mrefu, akashushia na chai.

"Unashibisha," alisema.

Alikula kipande chote. Sikujua kama nicheke au nilie. Baadaye nilimsikia akimwambia mwanawe kwa Kinyakyusa neno ambalo mume wangu alikataa kunitafsiria.

Aliyenitafsiria alikuwa jirani yetu. Huyu alikuwa mjane, Mkristo, mwenye shamba la migomba na kipande cha chai. Alikua pamoja na mume wangu tangu utotoni, kwa hiyo aliniita wifi, na mimi nikamwita wifi. "Amesema watu wa kwenu lazima wana meno mazuri," aliniambia, akacheka mpaka akashika nguzo ya jiko. Tangu siku hiyo tukawa marafiki.

Nilianza kutafuta hamira. Maduka ya Tukuyu wakati ule yalikuwa yanaanza kupumua. Wifi alinieleza jinsi yalivyokuwa miaka ya nyuma: rafu tupu, au rafu nzima ya kitu kimoja kisichohitajika, na sabuni ikigawiwa kwa foleni. Sasa kila mara nilipoteremka mjini kulikuwa na kitu kipya. Leo biskuti za boksi, kesho dawa ya meno, keshokutwa sweta za mitumba zimemwagwa chini kwenye turubai na watu wameinama juu yake kama wanaopalilia. Lakini vitu vilikuja vyenyewe, jinsi vilivyotaka. Hukuweza kuagiza. Nilipouliza hamira kwa mwenye duka karibu na stendi, aliniuliza ni ya kufanyia nini. Nikamwambia ya kuumulia. Akaniletea magadi.

"Siyo hii, mzee. Hamira."

"Hii inaumua, mama. Hata maharage inalainisha."

Nilichukua, kwa heshima. Maandazi ya magadi nilijifunza kuyapika, na watu waliyapenda. Mkate wa sinia ulikataa.

Mume wangu alikuwa ameacha kwenda Mombasa. Bidhaa zilikuwa zimeanza kupatikana karibu, Mbeya mjini, Tunduma, na mpakani Kasumulu ambako watu walivuka kwenda na kurudi Malawi na mizigo. Hakukuwa tena na sababu ya kusafiri siku kadhaa kufuata kanga. Kwa hiyo soko lile lile lililofunguka na kumleta kwetu ndilo lililonitenga na kwetu. Alijitahidi. Mara moja alirudi kutoka Kasumulu amefurahi, ana kopo lenye picha ya mkate uliovimba. Ilikuwa poda ya kuokea keki. Nilimshukuru, nikaoka keki.

Vitu vingine vilipatikana kimoja kimoja, na kila kimoja kilikuwa na siku yake. Mchele haukuwa tabu. Mchele wa Kyela uliletwa mpaka mlangoni, na harufu yake ukiupika ilinishinda hata mimi niliyetoka na majivuno ya pwani. Nazi zilikuja na malori ya Dar es Salaam, na ilibidi uzitikise sikioni, usikilize maji, kwa sababu nyingi zilikuwa zimeoza njiani. Iliki niliipata mahali ambapo sikuitafuta. Nilimsindikiza wifi kwenye soko la Mpuguso kuuza ndizi. Tulipokuwa tumekaa chini, nilisikia harufu. Nikageuka huku na huku kama paka. Bibi mmoja alikuwa na kifungu kidogo kwenye jani la mgomba, karibu na tumbaku yake ya kunusa.

"Bibi, hii umeipata wapi?"

Hakunielewa. Wifi aliuliza kwa Kinyakyusa, wakazungumza kwa kirefu, kisha akanigeukia. "Anasema inaota kwake, chini ya migomba. Ni dawa ya tumbo. Anauliza tumbo linakuuma tangu lini."

"Mwambie ni ya mkate."

Alimwambia. Bibi alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua ugonjwa wake, akanifungia zote. Nilimwambia "ndaga", yaani asante, mojawapo ya maneno machache niliyokuwa nayo, naye akanishika mkono kwa mikono miwili. Njia nzima nilikuwa nikinusa kile kifurushi, na wifi alikuwa akicheka.

Basi ikabaki hamira. Mjini walishanizoea. Nikipita, wenye maduka walikuwa wakisema kabla sijauliza, "Bado haijaja, shemeji." Miaka ikaenda. Nilipoteza mimba moja, nikapata nyingine. Nilijifunza kupika ndizi kwa maziwa, nikajifunza kusalimia "ugonile" asubuhi na kungoja jibu lote mpaka mwisho, maana Mnyakyusa hakatishwi salamu. Mkate wa sinia ukawa kitu cha barua, ambacho mama alinitajia kwamba ameoka kwa ajili ya fulani na fulani.

Mimba yangu ilikuwa imekaribia miezi minane aliponifia mama.

Habari ililetwa na rafiki wa mume wangu aliyekuwa na simu dukani kwake Mbeya. Kaka yangu alimpigia, naye hakutaka kutuma mtu, akaja mwenyewe. Nilimwona akishuka kwenye gari na mume wangu, saa za mchana ambazo mume wangu hakuwa akirudi nyumbani. Nilikuwa nachambua maharage uani. Walinikalisha ndani. Yule rafiki ndiye aliyesema.

"Shemeji, mama amefariki. Ilikuwa alfajiri juzi. Alitaka kuamka kwa ajili ya swala, akaanguka. Wamemzika siku ile ile."

Nilisema, "Inna lillahi." Kisha nikauliza kama aliumwa muda mrefu. Akasema hakuumwa. Nikauliza tena jambo lile lile, na tena, naye kila mara alinijibu kwa upole kama anayejibu mara ya kwanza.

Nilitaka kwenda. Nilianza hata kutoa nguo kabatini. Mama mkwe aliingia, akakaa juu ya kitanda changu, juu ya zile nguo.

"Mwanangu, utasaa njiani," alisema. Kiswahili chake kilikuwa na s mahali pa z, na l mahali pa r, na siku zile nilikuwa sijali tena wala sisikii. "Basi mpaka Dal es Salaam, basi mpaka Tanga, mpakani, halafu Mombasa. Na hii mvua. Amesikwa. Utakwenda kuona udongo."

"Nataka niwe huko."

"Najua. Mimi mama yangu alikufa kijijini, ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Nilisimama upande wangu." Alikaa pale mpaka nilipokoma kukunja nguo.

Tuliamua kusoma hitima Tukuyu, Ijumaa iliyofuata. Mume wangu alikwenda kuwaambia watu wa msikitini. Wanawake walianza kuja kunipa pole, Waislamu wachache tuliokuwepo mjini, na majirani Wakristo wengi zaidi, wakiwa na ndizi na maziwa na kuni vichwani. Walikaa nami. Wengi hatukuwa na lugha moja kamili, kwa hiyo tulikaa kimya, na kile kimya kilinisaidia.

Jumatatu nikamwambia wifi kwamba nataka kuoka mkate wa mama kwa ajili ya hitima.

Hakuniambia haiwezekani. Alifikiri. "Kinachokosekana ni kile cha kuumulia tu?"

"Hicho tu."

"Kimpumu hakiwezi?"

Kimpumu ni pombe ya ulezi, ambayo wazee huinywa kwa mrija kutoka chungu kimoja. Povu lake ni zito, linapanda lenyewe. Nilijua kwamba lingeweza. Huko kwetu, bibi yangu, zamani kabla ya makopo ya hamira, alikuwa akiumulia vitumbua kwa tembo, pombe ya mnazi, na watu waliosali safu ya kwanza walivila. Mama mkwe alikuwa mlangoni na alisikia.

"Hapana," alisema. "Kimpumu hakiingii nyumba hii."

"Mama, ni povu tu," wifi alisema. "Moto unaliunguza."

"Nilikiacha nilipoolewa. Baba yangu alinikasilikia mpaka akafa kwa sababu nilikataa kupokea mlija. Sasa kiingie leo, kwenye hitima?"

Wifi aliomba radhi hapo hapo, kwa Kinyakyusa, akiwa amepiga goti kidogo. Nilikuwa na hasira, lakini si kwa mama mkwe. Nilikwenda nyuma kwenye migomba nikalia kwa mara ya kwanza tangu habari ilipokuja. Nililia kwa ajili ya mkate, au hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Jioni ile wifi alirudi na wazo jingine. Kiwira, kwenye barabara ya Mbeya, kulikuwa na mtu mwenye tanuri anayeoka mikate na kuwauzia wafanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe. Mikate ile ilivimba. Ilivimbaje?

Asubuhi tulipata lifti kwenye lori la ndizi lililokuwa likipanda Mbeya. Dereva alinitazama tumbo akaniweka mbele, na wifi akapanda juu ya mikungu, amejifunika mfuko wa nailoni. Mvua ilikuwa nyepesi. Tulipita Kyimo, mashamba ya viazi na migomba, watu wakiwa wamejikunyata chini ya majani waliyoyafanya miavuli. Dereva aliniuliza naenda wapi na hali ile. Nikamwambia nafuata hamira. Hakuuliza tena mpaka Kiwira.

Mwoka mikate alikuwa mtu mnene, mchangamfu, na nywele zake za mbele zilikuwa zimeungua kwa moto wa tanuri. Tulimkuta akipakua mikate kwa koleo refu la mbao. Harufu ilinipiga nikashika ukuta. Alidhani naanguka, akaniletea kigoda.

"Nasikia una hamira," nilisema nilipokwisha kukaa.

"Ninayo ikiwepo. Inatoka Malawi. Sasa hivi imekwisha, na anayeniletea hajavuka, mvua imemshika." Aliona uso wangu. "Unataka kuoka nini?"

Nilimweleza mkate, kisha nikamweleza kwa nini. Sikukusudia kumweleza. Alisikiliza huku ameshika koleo lake kama mkuki.

"Na hii mikate ya leo umeiumulia nini?" wifi aliuliza.

Akacheka. "Hiyo sasa." Akatupeleka nyuma ya tanuri, mahali pa joto, akafunua chungu. Ndani kulikuwa na uji mzito wa rangi ya majani makavu, unatoa mapovu polepole, moja hapa, moja pale. Harufu yake ilikuwa kali na tamu. "Ndizi mbivu na unga wa ngano. Unaponda, unatia maji ya moto kidogo, unaweka karibu na moto. Siku ya tatu inaamka. Ukiilisha unga kila siku haifi. Miaka ile hamira haikuonekana kabisa, ningefunga tanuri? Sasa hamira inakuja, lakini inakuja na kukata, na watu wa mgodini hawataki kusikia habari za Malawi. Hii siitupi."

"Si pombe?" niliuliza. Ilinibidi.

Alifikiri kwanza. "Ukiiacha wiki nzima bila kuilisha, itakuwa inaelekea huko. Lakini hii nailisha. Hii ni chachu tu."

Alinichotea katika kopo tupu la siagi, akatoboa mfuniko kwa msumari ili ipumue. Alikataa kulipwa chochote. "Wewe msomee mama yako," alisema. "Na kopo usilikumbatie sana, lina nguvu." Nililikumbatia hata hivyo, ndani ya sweta, juu ya tumbo, njia yote ya kurudi. Baridi ilikuwa kali na niliogopa chachu itakufa.

Nyumbani sikulificha. Nililiweka mbele ya mama mkwe nikamwambia chachu ilivyotengenezwa, ndizi, unga, maji, na alivyosema yule mtu kuhusu wiki nzima. Mume wangu alikuwepo, akataka kusema kitu, mama yake akamwashiria anyamaze. Alifungua mfuniko. Alinusa. Alichovya ncha ya kidole, akaweka ulimini, akafumba macho. Tulimngoja wote. Wifi alikuwa amesimama nje ya mlango na mwavuli, haingii wala haondoki.

"Pombe naijua," alisema mwishowe. "Hii siyo. Hii ni kama masiwa yaliyoganda." Na kwa kuwa Unyakyusa hakuna anayeyaogopa maziwa yaliyoganda, mambo yakaishia hapo. Akaomba unga na chungu kidogo, akaihamishia humo, akailisha mwenyewe, akaiweka karibu na moto.

Alhamisi tuliroweka mchele. Alfajiri ya Ijumaa wifi alikuja na binti zake wawili wakubwa na mchi wake, kwa sababu alisema mchi wetu ni mwepesi. Walitwanga mchele kwenye kinu kwa zamu, na mimi nikachekecha nikiwa nimekaa, miguu imevimba. Nazi tatu zilikuwa mbovu, nne nzima. Nilikuna na kukamua tui zito. Nilipochanganya, nikatia iliki ya Mpuguso na sukari na kiasi cha ile chachu, rojo lilikuwa na rangi kama ya mchanga, si jeupe. Nikafunika, nikakaa. Kwa mama, kwenye joto la Mombasa, lingeumuka kabla hujamaliza kuosha vyombo. Hapa asubuhi ilikaribia kwisha bila kitu. Mama mkwe alichukua blanketi la kitandani kwake akaifunika sufuria kama mtoto.

Kisha rojo likapanda. Halikupanda kwa haraka, lakini lilipanda, likajaa matundu, na nilipoinamia nikasikia ule mchakacho mdogo ambao nilikuwa nimeusahau, kama mvua nyembamba juu ya majani.

Kazi iliyobaki niliijua. Nilimimina katika sufuria pana ya kwanza, nikaweka juu ya moto mdogo, na sehemu za pembeni zilipoanza kushika nikaweka mfuniko na makaa juu. Binti za wifi hawakuwa wamewahi kuona moto ukiwekwa juu ya sufuria. Mmoja aliuliza kama hivyo ndivyo watu wa Kenya wanavyopika kila kitu. Mwingine akamwambia anyamaze, kuna msiba. Niliwaambia wasinyamaze.

Wanaume walisomea barazani, wanawake ndani. Tulikuwa wachache wa kujua kusoma, na wengi wa kukaa. Wanawake Wakristo walijifunika kanga vichwani kwa heshima na wakaitikia amina kila msomaji alipotua. Dua ilipokwisha, mama mkwe alikata mkate mwenyewe. Haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya ganda la yai la kienyeji, una uchachu kwa nyuma, na ndizi kwa mbali kabisa. Lakini ulikuwa na matundu. Ulibonyea ukarudi.

Nilichukua kipande nikaweka mdomoni, na nilidhani kitanirudisha jikoni kwa mama. Hakikunirudisha popote. Nilikuwa Tukuyu, mvua inapiga bati, bibi mmoja kando yangu anatafuna polepole kwa kuwa hana meno. Mama alikuwa amekufa na alikuwa amezikwa, na watu hawa ambao hawakumjua walikuwa wakila kwa ajili yake. Hapo nililia mbele yao, kwa sauti, na bibi yule aliweka mkate wake chini akanishika mgongo.

"Ndaga, mwana," alisema. "Ndaga fijo." Asante sana, mwanangu. Hakujua maneno mengine ya kunipa, nami sikuhitaji mengine.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, msichana, katika mvua kubwa kuliko zote. Siku nilizokuwa hospitali mama mkwe aliendelea kuilisha chachu. Aliilisha hata baada ya hapo, asubuhi baada ya swala, akisema nayo kidogo kwa Kinyakyusa kama anayesema na kuku. Tuliitumia mwaka na zaidi. Wifi aliagiza mkate kwa harusi ya binti yake mkubwa, kisha watu wa kanisa lake wakaagiza, kisha nikawa naoka kila Jumamosi. Baadaye hamira ya pakiti ilijaa maduka yote, hata kwa mzee wa magadi. Ilikuwa kavu, safi, inaamka mara moja, nami sikuwa na sababu ya kuikataa. Siku moja nilisafiri Mbeya na mtoto, mama mkwe akaugua malaria, na hakuna aliyekumbuka chungu. Tulipokikumbuka, kilikuwa kimeota ukungu wa kijani. Tulikiosha, na kikawa cha maharage.

Lakini kabla ya hayo, mtoto alipokuwa anatambaa, dada yangu alikuja kutoka Mombasa kunitazama. Alifika amejikunja kwa baridi, amevaa soksi na ndara. Nilimkatia mkate. Alikula akiitazama migomba nje ya dirisha. Mama mkwe alikuwa akimtazama kwa hamu ya mtu anayesubiri hukumu.

"Huu si mkate wa mama," dada alisema.

"Najua."

"Mama angekwambia mchele hukuuchekecha vizuri."

"Angesema hivyo hivyo."

Akafuta makombo kwenye kanga yake, akasukuma sahani mbele. "Nikatie mwingine. Na uniambie huyu mama mkweo anaulizwaje hali kwa Kinyakyusa, maana tangu nifike ananiongelesha na mimi nacheka tu."

Nikamfundisha. Alisema vibaya, mama mkwe akamsahihisha, dada akasema tena.